Mkwe Aliyelala na Njaa

Yeyote aliyewahi kumpikia mama mkwe kwa mara ya kwanza hahitaji kusimuliwa jinsi jioni ile ilivyomwendea Apolline. Alikata vitunguu, akajikata na kidole. Alionja mchuzi hata ulimi ukafa ganzi, na bado hakujua kama chumvi imekolea au imezidi. Chumba chake cha Nyamityobora, mjini Mbarara, ambacho siku zote kilinukia mafuta ya nywele, leo kilinukia nyama ya ng'ombe na sombe, yale majani ya muhogo. Sombe aliitwanga mwenyewe, maana ile ya kununua sokoni angeionea haya mbele ya mgeni huyu.

Mgeni mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha Apolline. Mama Kankindi, mzazi wa Nkusi mpenzi wake, alitoka Rubondo, kambi ya wakimbizi wa Kongo, mchana ule ili asubuhi aende kutazamwa macho hospitali ya Ruharo. Angeweza kulala kwa watu wa kanisa lake, nao wako tele Mbarara. Alikataa.

"Nitalala kwa ule mutoto wa saluni," alimwambia mwanawe. "Nataka nimuone mu nyumba yake. Siku ya Mungu nitamupa Kabanda jibu."

Kabanda alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye angewaongoza wazee kwenda kumposa Apolline kwa wazazi wake. Bila neno la Kankindi, Kabanda asingeinua mguu. Kwa hiyo mapenzi ya miaka miwili, yenye simu zisizohesabika na machozi ya hapa na pale, yalikuwa yanamngoja mama mmoja mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani aseme ndiyo au hapana. Na mama huyo, jua ndiyo kwanza linazama, alikuwa amesema, "Nijinyooshe kidogo, mwanangu."

Apolline hakuona ubaya. Kwake jioni ilikuwa bado mbichi. Jamani, kuna watu ambao tumbo lao huamka na jogoo, na kuna ambao tumbo lao huamka na taa. Apolline alikuwa mtu wa taa. Asubuhi hata harufu ya chai ilimchafua moyo, na kabla ya saa sita mchana hakuna kitu kilichopita kooni mwake ila maji. Wateja wake walikuja kusukwa wakitoka kazini, na alipofunga saluni, watoto wa majirani wakiwa wamekwisha kulala, ndipo njaa ya kweli ilipombishia hodi. Hapo mpe bugali, mpe maharage, mpe chapati ya mayai, vyote vitashuka na atauliza kama kuna kingine.

Nkusi wake sasa, loo. Nkusi aliamka kabla ya ndege. Alikusanya maziwa kwa wafugaji, akayafunga kwenye pikipiki, akayafikisha mjini yakiwa bado na uvuguvugu, na kabla ya safari hiyo alikula sahani ya bugali ambayo wanaume wengine huila mara moja kwa siku. Lakini giza likiingia, basi. Mara ya kwanza alipomtoa Apolline kwenda kula nyama choma, alisinzia kijiti mkononi, akikubali kwa kichwa kila alichoambiwa. Apolline alimwangalia kope zake ndefu zikishuka, akala nyama yote peke yake, na usiku huohuo akajua kwamba anampenda. Tangu hapo mapenzi yao yaliishi kwenye zile saa za katikati ya siku, usingizi wa mmoja umekwisha na wa mwenzake haujafika.

Basi chakula kikaiva saa tatu za usiku. Apolline akajifuta jasho, akajifunga kitenge kipya, akabeba beseni la maji ya kunawa na kulisogeza pazia kwa kiwiko.

"Maman, karibu tunawe."

Kimya. Akasogea. Kankindi alikuwa amelala chali, mikono juu ya kifua, anakoroma taratibu kwa heshima zote.

Apolline alisimama na beseni lake. Amwamshe? Kumwamsha mkwe usingizini, tena siku ya kwanza, ulimi ungeanzaje? Ale yeye? Akamsikia mama yake mzazi kichwani, yule ambaye kwa mambo ya wageni hakuwa na mchezo: mutoto anayekula mbele ya mugeni hajala, huyo hakulelewa. Akamfunika mgeni blanketi, akafunika na sufuria zake. Ataamka tu, alijiambia, nani anayelala saa hizi. Akatandika mkeka kando ya sufuria, tumbo likinguruma kwa harufu ile, akangoja. Akangoja mpaka usingizi ukamkuta palepale.

Kilichomwamsha ni sauti za watu nje ya mlango.

"Bwana, huyu mzee iko hapa tangu giza," sauti ya kwanza ilikuwa ya mama muuza uji, Mnyankole aliyepitia uani kila alfajiri na ndoo yake. "Mimi nampa uji, anakataa. Nampa tena, anakataa. Nasema bure, hapana pesa. Anakataa."

"Mama, kwa nini hukunywa uji?" Hiyo ilikuwa sauti ya Nkusi, aliyepitia na pikipiki ya maziwa kumchukua mama yake. Moyo wa Apolline uliruka kama kawaida yake kila alipoisikia, kisha ukaanguka, kwa sababu sauti haikuwa na furaha.

"Ninywe uji wa njia kwa mulango wa mukwe wangu?" Kankindi alijibu polepole. "Batu bapite, baone mama wa Nkusi analishwa na njia?"

"Basi ngoja nikupe maziwa. Haya hapa, bado ya moto."

"Maziwa yako ni ya kuuza. Sikutoka Rubondo kuja kula kwako."

Apolline alikaa kitako kwenye mkeka. Mwanga ulikuwa mdogo, wa rangi ya majivu. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili na nusu, saa ambayo yeye huijua kwa kusikia tu.

"Jana ulikula nini?" Nkusi aliuliza.

"Sikula."

"Sikula namna gani? Apolline aliniambia tangu juzi anatafuta nyama nzuri."

"Nyama alipata. Nilisikia harufu." Sauti ya Kankindi haikuwa ya hasira, ilikuwa ya huzuni, na hiyo ilimchoma Apolline zaidi. "Nilijinyoosha kidogo, nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Nimeamuka na giza, yeye amelala mbele ya sufuria. Alingoja mugeni asinzie ndiyo ale. Mimi sisemi ni mutoto mubaya. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Nkusi. Siku nitakapozeeka kabisa, macho yameisha, nitakaa mu nyumba yenu nikisikia harufu tu?"

"Mama, Apolline si muchoyo."

"Basi nyama ilienda fasi gani?"

Apolline hakuweza kusikiliza zaidi. Angeweza kujificha mle ndani akalia, na machozi yalikuwa tayari. Lakini alimpenda yule mwanaume wa maziwa kupita aibu. Akajifunga kitenge vizuri, nywele zimesimama upande mmoja, akainua sufuria kubwa kwa mikono miwili, akatoka.

"Shikamoo, maman. Nyama iko hapa."

Watatu wote walimgeukia. Kankindi alikuwa kwenye kigoda kando ya mlango, mkoba wa hospitali mapajani, amenyooka. Nkusi alisimama karibu na pikipiki, koti lake limelowa umande, na macho yake yalipokutana na ya Apolline yalisema mambo mawili kwa pamoja: nisamehe, na umefanya nini.

Apolline aliiweka sufuria chini mbele ya mkwe wake, akapiga magoti, akafunua. Mafuta yalikuwa yameganda juu ya mchuzi, meupe, hayana alama ya mwiko. Akarudi ndani akaleta bugali, mviringo kamili kama alivyousonga, halafu sombe. Hakuna kilichoguswa.

Kankindi aliinama. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo aliinama sana, mpaka karibu pua iguse mchuzi.

"Na wewe ulikula nini?" aliuliza.

"Sikula, maman."

"Kwa nini?"

"Mugeni alikuwa hajala."

Kuku wa jirani akapita kati yao bila kumjali mtu. Wa kwanza kusema alikuwa mama wa uji.

"Eeh. Wote wawili nalala na njaa, na chakula iko katikati. Bakongo, nyinyi bantu ya heshima sana. Heshima itawaua."

Nkusi akacheka. Alijizuia, akashindwa, akageukia pikipiki ili mama yake asimwone mabega yanavyotikisika. Apolline hakucheka hata kidogo.

"Na wewe unacheka," alimwambia. "Kwa nini hukunipasha habari kama maman analala na kuku?"

"Nilikuambia. Nilisema mama anapenda kula mapema."

"Nilipika mapema! Saa tatu!"

"Apolline, saa tatu sisi tumeshaota ndoto ya pili."

"Mimi ningejua wapi? Nilidhani ni wewe tu uko hivi. Nilidhani ni ugonjwa."

Mama wa uji akaweka ndoo yake chini kabisa, kwa kuwa ameona hapa hapaondokeki. Lakini Kankindi alikuwa hacheki bado. Alikuwa anamtazama msichana aliyepiga magoti mbele yake, kama mtu anayetazama ng'ombe anayetaka kumnunua, bila haraka.

"Inuka, ukae," alisema. "Nikuulize. Nkusi ananiambia wewe asubuhi unaamuka kama sisi, unaomba, unakunywa maziwa kikombe kizima. Ni kweli?"

Apolline alimwangalia Nkusi. Nkusi aliangalia matairi. Kumbe mwanaume alikuwa amemsifia kwa sifa za mtu mwingine. Kisha akainua uso, akamkonyeza kidogo, jicho la kuomba: sema ndiyo, mambo yaishe, tutajua mbele ya safari.

Na ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na wazee wangekwenda kwao kumposa, na harusi ingekuwepo. Kisha kila asubuhi ya maisha yake angemeza kikombe kile mbele ya mama huyu huku moyo umechafuka, akitabasamu. Apolline aliona asubuhi zote hizo zimejipanga.

"Si kweli, maman," alisema. "Asubuhi mimi siamuki vizuri. Kula ndiyo siwezi kabisa. Tumbo langu linalala mupaka mchana. Jioni ndiyo ninakuwa mutu."

"Lakini atazoea, mama," Nkusi aliingilia haraka.

"Sitazoea. Nilijaribu, hata kwa mama yangu. Alinichapa, nikala, nikatapika. Akaacha." Machozi yakamshuka sasa, akayaacha. "Ninamupenda huyu mutoto wako mingi sana. Minaweza kumupikia, kumufulia, kukuongoza wewe hospitali. Lakini sitaki uniingize mu nyumba yako ukidhani mimi ni mutu mwingine."

Nkusi aliacha pikipiki yake. Alikuja akachuchumaa kando ya Apolline, karibu kiasi kwamba msichana alisikia ile harufu yake ya maziwa na moshi. Hakumgusa, mama yake yupo. Lakini alikaa pale.

"Nimedanganya mimi, mama," alisema. "Yeye hakuniomba. Niliogopa utakataa."

Kankindi aligonga mkoba wake kwa vidole.

"Na chakula cha alfajiri? Huyu mwanaume wako anatoka na giza. Nani atamupa?"

"Nitapika jioni," Apolline alisema, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Jioni ninakuwa na nguvu. Nitaacha kila kitu tayari. Akiamuka, anapasha, anakula, anaenda. Mimi nikiwa nimelala."

"Mwanangu apashe chakula mwenyewe, na muke yuko kitandani?"

"Mama," Nkusi alisema kwa upole, "kule nyumbani nani anakuwashia jiko kila alfajiri? Si mimi?"

Mama wa uji alikohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha baridi.

Halafu Kankindi akafanya jambo ambalo Nkusi alisema baadaye hajaliona tangu msiba wa baba yake. Akatabasamu kwa kitu kilichokuwa mbali.

"Baba yako alikuwa hivi," alisema. "Hujui, ulikuwa mutoto, ulikuwa unalala. Asubuhi huwezi kumupa kitu. Ananuna, anasogeza kikombe. Ngoja jua lizame sasa. Anakaa karibu na moto, anataka nyama, anataka viazi, anaimba nyimbo za kanisa mdomo umejaa. Mimi ninasinzia pale, ninamusikia kwa mbali. Bakwe zangu walisema hatutadumu, saa zetu hazipatani."

"Na mlidumu," Nkusi alisema.

"Tulikuwa tunakutana mchana. Mchana ulitutosha."

Apolline alihisi mkono mkavu, mwepesi, ukimshika kidevu na kumwinua uso. Macho ya Kankindi yalikuwa na ukungu wa ugonjwa, lakini yalimtazama hasa, na kwa muda mrefu.

"Ulilala na njaa mbele ya nyama uliyoipika mwenyewe," alisema mama. "Kwa sababu yangu."

"Ndiyo, maman."

"Hata mimi ningekuwa na miaka yako, ningekula kipande kimoja."

Akamwachia. "Nkusi. Pasha hii chakula. Na ulete maji ninawe, nisije nikaanguka mbele ya daktari wa batu."

Nkusi akaruka. Aliwasha sigiri ya makaa kwa pumzi mbili, akaweka sufuria, akapuliza mpaka machozi yakamtoka, na harufu ya jana ikaamka upya uani. Kankindi akanawa, akaombea chakula kwa sala ndefu kidogo kuliko njaa yake ilivyotaka, akamega bugali. Alikula vizuri. Alikula kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua, na kila alipotafuna aliitikia kwa kichwa, na Apolline akajua kwamba chumvi ilikuwa imekolea.

Apolline naye akanyoosha mkono kumega, kwa adabu. Kankindi akaurudisha mkono ule taratibu.

"Usijilazimishe. Kaa tu hapa, uniangalie. Mchana nikitoka Ruharo, nitakaa nikuangalie wewe."

Mama wa uji alipewa kipande cha nyama, akakikubali bila kuulizwa mara ya pili, akaenda zake akiwaeleza watu wa njiani habari nzima.

Kisha Kankindi akajifuta vidole, akatoa simu kwenye mkoba, akampa mwanawe. "Nitafutie Kabanda. Huyu ameshaamuka, yeye ni wa jogoo."

Nkusi aliweka sauti kubwa ili wote wasikie. Apolline akasogea karibu na kigoda cha mkwe wake asikose neno.

"Kabanda. Umeamuka muzuri? ... Ndiyo, niko kwake. Nimekula. Nimekula muzuri sana." Akamgeukia Apolline. "Siku ya Mungu usinisubiri. Jibu ninakupa leo. Waambie wazee wajitayarishe, tunaenda kuomba huyu mutoto."

Sauti ya Kabanda ilisikika ikishangilia kwenye simu, ikiuliza siku, ikaanza kupanga: kama desturi, watoke na alfajiri, wafike kwa watu wa msichana jua likichomoza.

"Hapana," Kankindi alisema. "Alfajiri hapana. Tutaenda mchana."

Kabanda akauliza, kwa mshangao mkubwa, tangu lini posa inapelekwa mchana.

"Tangu mukwe wangu huyu. Asubuhi yeye hawezi kula, na mimi sitaki kukaa kwenye meza ambayo yeye anatuangalia tu. Waambie wazee walale kwanza."

Akakata simu. Nkusi alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, anacheka na kulia. Apolline, kwa kushukuru, alipiga tena magoti, na safari hii Kankindi hakumwambia ainuke haraka. Alimwekea mkono kichwani, juu ya zile nywele zilizosimama, akazilaza.

"Sasa mimi na huyu tunaenda Ruharo," alisema. "Wewe hukulala vizuri, macho yanaonyesha. Rudi ndani, ulale."

"Nilale, maman? Na wewe mugeni unaondoka?"

"Mimi si mugeni. Lala."

Apolline alisimama mlangoni mpaka pikipiki ikageuka kona, Nkusi akiendesha taratibu kuliko siku zote, mama yake amemshika kiuno, kitambaa cheupe kikipepea. Pale kwenye kona Nkusi aligeuka kumtazama, akakemewa, akatazama mbele.

Ndipo akarudi kitandani kama alivyoamriwa. Alijifunika gubigubi, akafumba macho, akajigeuza upande huu na upande ule. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuamriwa na mtu mzima alale asubuhi, na usingizi, kwa furaha, ukakataa kabisa kuja.